Maisha ya Bagara Katika Nguzo na Mistari

Takwimu za maisha ya kila siku huanzia mlangoni kwa mwananchi. Katika kata ya Bagara, mjini Babati, kama kwingineko Tanzania, karani wa sensa aliyebisha hodi Agosti 2022 alikuja na kishikwambi badala ya rundo la madodoso ya karatasi. Aliuliza waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23, umri wao, elimu, kazi, nishati ya kupikia na aina ya choo. Kwa kuwa kilichoangaliwa ni mahali mtu alipolala, dereva wa lori aliyepumzika Babati, mji unaokutanisha barabara za Arusha, Singida na Dodoma, alihesabiwa hapo hapo, hata kama familia yake iko Mwanza.

Majibu hayo yakishajumlishwa huwa majedwali marefu yanayochosha macho, na hapo ndipo mchoro unapohitajika. Mwaka 2012 Mkoa wa Manyara, uliko mji wa Babati, ulikuwa na watu 1,425,131. Mwaka 2022 walifika 1,892,502. Nguzo mbili zikichorwa kuanzia sifuri, ya pili huizidi ya kwanza kwa takribani theluthi moja, na huo ndio ukweli. Mchoraji akianzia kwenye milioni moja, nguzo ya pili huwa ndefu zaidi ya mara mbili, na msomaji ataamini mkoa umefurika watu. Hakuna tarakimu iliyoghushiwa, lakini picha imedanganya. Kabla ya kusoma grafu yoyote, mtu aangalie kwanza mhimili wake unaanzia wapi.

Wastani nao unahitaji tahadhari. Kitaifa, kaya moja ilikuwa na wastani wa watu 4.7 mwaka 2012, na 4.3 mwaka 2022. Nambari hiyo humchanganya kijana anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga na bibi anayelea wajukuu saba, na haimwelezi yeyote kati yao. Mchoro unaoonyesha kaya ngapi zina mtu mmoja, ngapi wawili, ngapi wanane, ungemfaa zaidi diwani anayepanga madarasa au vituo vya maji.

Grafu ya mstari ndiyo inayogusa mfuko wa wakazi wengi, kwa sababu hufuata bei kadiri muda unavyokwenda. Mbaazi ni mfano mzuri. Wakulima wa Babati huilima kwa wingi, mara nyingi ndani ya mahindi, na kwa miaka mingi soko lake kubwa limekuwa India. Agosti 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, isipokuwa zile za makubaliano kati ya serikali, na bei mashambani Tanzania ikaporomoka. Kwenye mstari, poromoko hilo huonekana mara moja. Bei hizo zikijumlishwa na kugawanywa kwa miaka kumi, msimu ambao mkulima alikosa ada ya shule humezwa na misimu mizuri.

Utamaduni ni mgumu zaidi kuchora. Babati ni eneo ambalo Kiiraqw na Kigorowa, lugha za Kikushi, huishi jirani na Kidatoga cha Kiniloti na Kirangi na Kimbugwe za Kibantu. Mchanganyiko wa namna hii ni adimu Afrika. Hata hivyo, hakuna chati ya sensa inayouonyesha, kwa kuwa sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na dini. Uamuzi wa kuacha kuuliza hayo umesaidia kulinda umoja wa taifa, na ni uamuzi wa busara. Gharama yake ni kwamba lugha ndogo zinaweza kupungukiwa wasemaji bila mstari wowote kushuka kwenye karatasi. Kazi ya kuzihesabu imebaki kwa wataalamu wa isimu na wenyeji wenyewe.

Matokeo ya sensa yametolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kila mwananchi ana haki ya kuyasoma. Ofisi za kata na mitaa, Bagara ikiwemo, ziyabandike ukutani yakiwa michoro iliyo wazi, ili wananchi wafike kwenye mikutano ya hadhara wakiwa na ushahidi mkononi.