Abiria ni wa ngeli ya A-WA: reli zetu zimtambue

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kuwa nomino "mzigo" imo katika ngeli ya U-I, ilhali "abiria" hupatanishwa kisarufi na viumbe wenye uhai. Husemwa mzigo umefika, lakini abiria amefika. Sarufi, kwa hekima yake, imekwisha kumtenga mtu na kitu. La ajabu ni kwamba wapangaji wa reli zetu, tangu enzi ya ukoloni, hawajaitilia maanani tofauti hiyo. Katika hesabu zao mzigo ndio kiima cha sentensi, naye abiria hutajwa mwishoni kama kielezi ambacho hata kikiachwa maana haipotei.

Chanzo cha kasoro hii ni cha zamani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ufuo wa ziwa huko Kisumu mwaka 1901, haikunuiwa kumrahisishia safari mwananchi wa kawaida. Ilinuiwa kuifungua Uganda kwa biashara na utawala wa Waingereza. Baada ya uhuru bendera ilibadilika, lakini mtazamo haukubadilika sana. Mabehewa ya abiria yalizidi kuchakaa, na treni ya Kisumu ikatoweka kwa miaka kadhaa hadi iliporejeshwa Desemba 2021.

Reli ya kisasa, ambayo umma huiita SGR, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Haki lazima isemwe: reli hii imeleta nafuu kubwa. Safari ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo kwa treni kongwe ilikula usiku mzima na aghalabu sehemu ya siku iliyofuata, sasa huchukua takriban saa 5. Mnamo mwaka 2023 zaidi ya abiria milioni 2 walisafiri kwayo. Umma, kwa hiyo, umekwisha kutoa jibu lake. Anayedai kuwa Wakenya hawapendi treni na ajaribu kutafuta tiketi wiki ya Krismasi.

Hata hivyo, nafuu hiyo imewekewa mipaka. Stesheni kuu ziko Miritini na Syokimau, mbali na vitovu vya miji, hivi kwamba msafiri aliyeokoa saa nyingi njiani huzipoteza nyingine katika msongamano wa magari akielekea stesheni. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya miji hiyo miwili ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500, na bei ya mafuta ikatajwa kuwa sababu, kwani treni zenyewe huendeshwa kwa dizeli. Tena, reli ilipofika Suswa mwaka 2019, ilikoma. Mwanafunzi wa Maseno au mwalimu wa Busia huisikia tu redioni.

Huenda msomaji akauliza: pana ubaya gani, maadamu mabasi yapo? Jibu limo katika takwimu za barabarani. Mwaka 2024 watu 4,748 walifariki katika ajali za barabarani nchini. Machi mwaka huohuo, wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipoteza maisha basi lao lilipogongana na lori huko Maungu, kwenye barabara kuu inayokwenda sambamba na reli hiyohiyo ninayoizungumzia. Sidai kwamba treni ingaliweza kuzuia kila msiba. Ninachodai ni kuwa taifa linalowasafirisha maelfu ya wanafunzi kila muhula kwa njia yenye hatari zaidi, huku likiiona njia salama kuwa ya ziada, halijapanga vyema vipaumbele vyake.

Fedha zitatoka wapi? Tangu mwaka 2013 tunatozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ambao ulianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Mzigo wa ushuru huo haumwangukii mfanyabiashara peke yake. Anayenunua kikokotoo au baiskeli iliyotoka ng'ambo ameichangia reli, awe anaishi Lamu au Lodwar. Ni haki basi kudai kwamba sehemu maalumu ya fedha hizo itengwe kisheria kwa huduma za abiria, badala ya zote kumezwa na madeni na mahitaji ya uchukuzi wa shehena.

Wenzetu wamekwisha kuonyesha njia. Japani, ambayo mwaka 1961 ilikopa dola milioni 80 kutoka Benki ya Dunia, ilifungua reli ya Tokyo hadi Osaka Oktoba 1964, mahsusi kwa abiria, na treni zake zikafikia kilomita 210 kwa saa. Tangu siku hiyo hakuna abiria aliyefariki katika treni hizo kwa sababu ya kugongana au kuacha reli. Barani kwetu, Moroko ilizindua mwaka 2018 treni inayofikia kilomita 320 kwa saa kati ya Tangier na Casablanca. Karibu zaidi, Tanzania tangu mwaka 2024 huwasafirisha abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni za umeme za kilomita 160 kwa saa. Umbali huo unakaribiana na wa Mombasa na Nairobi, lakini treni zetu za abiria kikomo chake ni kilomita 120.

Wapo watakaonijibu kwa methali: haraka haraka haina baraka. Methali ni ya kweli, ila imetumiwa pasipo pake. Haraka ni pupa ya mtu asiyejipanga, lakini kasi ni sifa ya chombo kilichoundwa kwa makini. Kujenga reli hadi Suswa kisha kukoma ndiyo haraka. Kuitia reli iliyopo umeme, kuongeza treni, kuziunganisha stesheni na miji na kuifikisha njia Kisumu na Malaba, kisha kuwekeza katika treni za mwendo wa kasi zaidi, huo ndio mpango wenye baraka.

Mwaka 2025 serikali ilitangaza nia ya kuiendeleza reli hadi Kisumu na Malaba. Walimu na wanafunzi, ambao kila mwanzo na mwisho wa muhula hujazana katika vituo vya mabasi, wana haki ya kuuliza mapema: katika mpango huo abiria ametengewa nini? Wasipouliza, watajengewa tena reli ambayo mzigo utafika salama, na wao watausoma ujio wake katika gazeti wakiwa ndani ya basi.