Kabla Hujabonyeza: Nakala ya Faili Zako Garissa Itakugharimu Ngapi?

Windows 10 ilikatiwa huduma ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi bado wanaendelea nayo. Lakini ujumbe wa kuhamia Windows 11 haukomi kuchomoza kwenye kioo, na siku moja utaukubali, au mtoto ataubonyeza kwa niaba yako.

Mara nyingi uhamisho hupita salama na faili hubaki pale pale. Shida ni siku usipopita: stima inapotea katikati, diski iliyozeeka inakufa ikilazimishwa kufanya kazi mfululizo, au kompyuta inawaka na kudai ufunguo ambao hujawahi kusikia habari zake. Siku hiyo utajua thamani ya nakala, na fundi wa kufufua diski mjini Nairobi atakutajia bei inayopita ya laptopu yenyewe.

Anza na yale ya bure. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa ni mtumba wa ofisi za Ulaya, na nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 au zaidi. Programu ya bure ya Microsoft, PC Health Check, itakujibu ndiyo au hapana kwa dakika chache.

Ikisema hapana, usimlipe anayeahidi kuilazimisha kompyuta iikubali Windows 11. Inawezekana, ila Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine za namna hiyo, na pesa ya fundi hairudi. Afadhali ujiandikishe kwa ulinzi wa nyongeza wa Windows 10 unaoishia 13 Oktoba 2026. Bei yake ni dola 30, kama sh 3,900, lakini kuna njia ya bure: ingia kwa akaunti ya Microsoft na ukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe mtandaoni. Angalia vizuri neno hilo, mipangilio. Picha za harusi hazimo. Nakala bado utaitengeneza mwenyewe, kwa sababu mashine hiyo utaibadilisha karibuni.

Kisha pima mzigo kabla ya kwenda dukani. Bofya kulia kwenye folda za Documents, Pictures na Desktop, utazame ukubwa. Hesabu za duka, mipango ya kazi ya mwalimu, risiti za KRA na vyeti vilivyopigwa skani mara nyingi havifiki gigabaiti 5. Kinachojaza diski ni video. Programu huna haja ya kuzinakili, zitawekwa upya. Filamu ziache. Watu hununua diski kubwa kwa ajili ya vitu ambavyo vikipotea hawatavikumbuka.

Sasa bei. Tangu mwisho wa 2025 vifaa vya kuhifadhi data vimepanda duniani kote, kwa kuwa vituo vikubwa vya data vinavinunua kwa wingi. Kwa hiyo nambari zinazofuata ni za kukadiria, pa kuanzia kupatana.

Flashi ya gigabaiti 64 iliyo halali haiwi mbali na sh 1,000. Ukiambiwa terabaiti 2 kwa sh 1,500, ondoka. Hizo zimechezewa: kompyuta inasoma ukubwa mkubwa, lakini ukishavuka gigabaiti chache faili zinaandikwa juu ya nyingine, na hutagundua mpaka siku ya kuzifungua. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi yote na kukuambia ukweli. Muombe muuzaji akuruhusu kuipima nyumbani na kuirudisha kesho yake. Anayekataa amekwisha kukujibu. Jambo jingine: flashi nyingi zinakuja katika mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu itakataliwa hata nafasi ikiwepo. Ifomati kwa exFAT kabla ya kuweka chochote. Ni bure.

Flashi inafaa kwa hati. Usiitegemee kama nakala pekee ya miaka mingi. Hupotea mfukoni, na za bei nafuu hufa bila kuaga.

Njia ya pili ni ile ambayo wauzaji hawaitangazi kwa sababu faida yake ni ndogo: diski iliyotolewa kwenye laptopu ya zamani, pamoja na kasha la USB la kuiwekea. Diski ya gigabaiti 500 iliyotumika hupatikana kwa kama sh 2,000, kasha sh 600 hadi 1,000. Kama una laptopu iliyokufa kioo au ubao mama, diski unayo tayari nyumbani na utalipia kasha tu. Kwa pesa, hakuna chaguo linaloishinda hili. Lakini usinunue diski ya mtumba kwa macho. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaonyesha imefanya kazi saa ngapi na kama ina sehemu zilizoharibika. Ikiandika tahadhari kwa rangi ya manjano, hiyo si yako hata kwa sh 500.

Diski mpya ya nje ya terabaiti 1 huanzia kama sh 6,500 na inaweza kufika 9,000. Kwa familia yenye picha za miaka kumi, ndiyo ningeichagua. Udhaifu wake ni kuanguka, joto na vumbi. Mchana wa Garissa ukiiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani, unaiharibu kwa mkono wako. Iweke kwenye mfuko unaofungika, ndani ya nyumba.

SSD ya nje hugharimu zaidi kwa nafasi ndogo zaidi. Haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo anayesafiri barabara ya Dadaab au Wajir akiwa na kazi zake ana sababu ya kuilipia. Wa nyumbani hana. Tena SSD ikikaa muda mrefu bila umeme, hasa mahali pa joto, inaweza kuanza kupoteza data. Si kifaa cha kufungia kabatini miaka mitatu.

Na mtandaoni? Hapa ndipo gharama zilizojificha zilipo nyingi. OneDrive inakupa gigabaiti 5 bure. Google inakupa 15, lakini humo humo zimo barua pepe zako na picha za simu, kwa hiyo huenda zimejaa tayari. Ukilipia nafasi kwa, tuseme, sh 250 kwa mwezi, miaka miwili ni sh 6,000, na ukiacha kulipa hutabaki na kitu mkononi.

Bando ndilo linaloumiza zaidi. Una gigabaiti 60? Kwa bando la sh 99 kwa gigabaiti, kupandisha peke yake ni sh 5,940, na siku ya kuzirudisha utalipa tena. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, kazi hiyo ni karibu saa 67 bila kukatika. Halafu Windows 11 yenyewe inakula gigabaiti kama 5 au 6 kupakuliwa. Wenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo hawaguswi na hesabu hii ya bando. Lakini Mandera, Wajir na sehemu za Garissa minara ya simu imeshambuliwa mara kadhaa, na mnara ukilala, nakala ya mtandaoni haifikiki hata kama umelipia. Weka huko hati chache zisizobadilishika: vyeti, hatimiliki, hesabu za mwaka. Zinaingia kwenye nafasi ya bure.

Wengine watamwachia fundi kila kitu. Sina ugomvi na mafundi, ila tenganisha gharama: ada ya kunakili, ada ya kuweka Windows, na zile programu "za kazi" utakazotozwa bila kuzitaka. Nakala iende kwenye diski yako, ukiwa umekaa hapo. Akinakili kwenye diski yake, picha za familia na nakala ya kitambulisho zinabaki dukani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wako, lakini kesi ni ghali kuliko flashi.

Swali la kuagiza Nairobi. Luthuli Avenue bei ni nafuu, hakuna ubishi. Ongeza mzigo wa basi, ada ya kutuma pesa, na kilomita zaidi ya 360 za kuirudisha ikiwa mbovu, maana waranti ya mwaka mmoja huheshimiwa kwenye kaunta ya aliyeuza. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 mafuriko ya Tana yalikata barabara pale Madogo, na mizigo ikakwama pamoja na watu. Kama duka la mjini linazidi kwa sh 500 tu, nunua hapa, ambapo utarudi kwa miguu ukiwa na risiti. Tofauti ikifika sh 2,000, agiza, lakini mtu wako aipime huko kabla haijapakiwa.

Kabla ya siku ya kuhamia, tafuta ufunguo wa BitLocker. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski zenyewe kwa siri bila mwenyewe kujua, na baada ya badiliko kubwa zinaweza kuudai. Ni tarakimu 48, zipo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza. Ziandike kwenye karatasi. Kama laptopu ilifunguliwa kwa akaunti ya aliyekuuzia, mtafute sasa, wakati bado anapokea simu zako.

Stima nayo ipangie. Mitambo ya sola ya megawati 50 hapa Garissa inalisha gridi ya taifa, haikulishi wewe, na gridi ilipoanguka Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Mwenye laptopu aijaze chaji na aiache kwenye umeme. Mwenye kompyuta ya mezani asinunue UPS kwa kazi ya usiku mmoja. Aazime, au aibebe mashine hadi kwenye saiba yenye jenereta au betri.

Mwenye sh 1,500: flashi moja iliyopimwa, na hati muhimu mtandaoni. Mwenye 3,000 hadi 3,500: kasha na diski iliyokaguliwa. Mwenye 8,000: diski mpya ya terabaiti 1, na chenji akiipata anunulie flashi ya hati, ikae nyumba nyingine. Chochote utakachochukua, kichomeke kwenye kompyuta ya jirani na ufungue faili kadhaa, moja ya kila aina. Kuona majina ya folda hakutoshi.

Ukishahamia, Windows 11 inakupa siku 10 za kurudi Windows 10 usipoipenda. Siku hizo usifute chochote kwenye diski ya nakala, na usikubali kulipia programu ya "kusafisha" kompyuta itakayokupigia kelele kwenye kivinjari.