Alama si Herufi: Istilahi za Msimbo wa Gray

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazomfikia mfasiri wa Kiswahili, imo moja iliyo rahisi kutafsiriwa vibaya: msimbo wa Gray. Gray hapa si rangi. Ni jina la mtu, Frank Gray, mwanafizikia wa maabara za Bell huko Marekani, aliyeomba hataza ya msimbo huo mwaka 1947 na kuipata mwaka 1953. "Msimbo wa kijivu" basi ni kosa, wala hatuna haja ya kulijadili zaidi. Tunalokusudia kulijadili ni neno jingine linaloonekana kuwa halina hatari yoyote, nalo ni "herufi".

Kwanza maana ya msimbo wenyewe. Tukihesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, tatu huandikwa 011 na nne huandikwa 100. Kutoka tatu kwenda nne, tarakimu zote tatu hubadilika. Katika karatasi hilo halina madhara. Lakini tufikirie chombo cha kuonyesha upepo unakotoka, ambacho husoma alama zilizochorwa juu ya kisahani kinachozunguka. Tarakimu hizo tatu haziwezi kubadilika kwa pamoja kabisa, na chombo kikisoma wakati mabadiliko hayajakamilika huenda kikatoa 111, yaani saba, au 000. Gray alizipanga namba upya ili kila moja itofautiane na jirani yake katika nafasi moja tu. Chombo kikikosea, kitakosea kwa hatua moja. Baudot, mhandisi wa Ufaransa, alikwisha kutumia mpango wa namna hiyo katika telegrafu miaka ya 1870.

Mwalimu wa lugha hataliona jambo hili kuwa geni. Isimu hutufundisha jozi za mlinganuo finyu: pata na pita ni maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja. Msimbo wa Gray ni mnyororo wa jozi kama hizo, unaopita kila mwungano unaowezekana mara moja tu. Wala si lazima alama ziwe 0 na 1. Tuchukue irabu tatu, a, e na i, tuziweke katika nafasi mbili zilizo wazi za p–t–. Tutapata miungano tisa:

pata, pate, pati; peti, pete, peta; pita, pite, piti.

Msomaji atazame fungu la pili. Irabu ya kwanza ilipogeuka kuwa e, irabu ya mwisho haikurudi mwanzo, bali ilianza pale ilipoishia, ikasafiri kinyume, kama sura inavyogeuka katika kioo. Fungu la tatu likaenda mbele tena. Hii ndiyo sababu ya Gray kuuita msimbo wake wa kuakisi, na neno hilo, ambalo fizikia yetu inalo tayari kwa habari za nuru, latufaa bila kutafuta jingine. (Kwamba pete ina maana na piti haina, msimbo haujali.)

Sasa tufike kwenye herufi. Tuseme mwalimu wa Buger, kata ya Wilaya ya Karatu ambako watoto wengi huja shuleni na Kiiraqw cha nyumbani, ataka programu ya kumpangia mazoezi ya irabu za lugha hiyo. Kiiraqw kina irabu tano fupi na tano ndefu, na urefu wa irabu hutofautisha maneno. Seti yake basi ina alama kumi: a, aa, e, ee, na kuendelea. Maelezo aliyotafsiriwa yakimwambia aingize "herufi" za msimbo, ataandika aaaeeeiiiooouuu, na programu itakata kila herufi mbali na mwenzake. Badala ya alama kumi, itaona kumi na tano, kila irabu ikijirudia mara tatu. Orodha itakayotoka itajaa marudio, na hatua nyingi hazitabadili chochote. Programu haitakuwa na kosa, wala mwalimu. Kosa litakuwa la mfasiri.

Jina lenyewe la Iraqw laonyesha shida hiyo, kwa kuwa qw ya mwisho ni konsonanti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili. Kiswahili nacho hakikusalimika. Noa na ng'oa zatofautiana kwa konsonanti moja tu, lakini ng' ni herufi mbili na kistari juu yake. Anayehesabu herufi atasema hizo si jozi.

Kwa hiyo twapendekeza "alama" itumike kwa kila kijenzi cha seti, kiwe kimeandikwa kwa herufi moja, tatu, au kwa picha ya punje ya mahindi. "Herufi" ibaki kwa herufi. Maelezo yaseme: ingiza orodha ya alama, ukizitenga kwa mkato.

Mwandishi wa programu naye atafanya vema akizipa alama namba, kuanzia 0, afanye hesabu zote kwa namba hizo, kisha aweke alama mwishoni kabisa. Akifanya hivyo, Kiiraqw na Kiswahili vitatumia programu moja. Aweza hata kuacha kutunza orodha, jambo lenye manufaa makubwa, kwa maana alama kumi katika nafasi tano hutoa miungano 100,000. Njia yenyewe ni hii. Andika namba ya mahali kwa msingi ulio sawa na idadi ya alama. Tarakimu ya kwanza iache ilivyo. Kila inayofuata, toa ile iliyo kushoto kwake katika namba uliyoandika, na jibu likiwa chini ya sifuri ongeza idadi ya alama. Kwa irabu zetu tatu, mahali pa 5, tukihesabu kuanzia 0, huandikwa 12 kwa msingi wa tatu. Moja hubaki moja, na mbili kutoa moja ni moja. Alama namba 1 ni e. Neno ni pete.

Lakini njia hii haitoi mpango wa kuakisi. Hutoa huu:

pata, pate, pati. Peti, peta, pete. Pite, piti, pita.

Hapa irabu hairudi kinyume, bali ikifika i huruka kwenda a. Faida yake ni kwamba pita ya mwisho hukutana tena na pata ya kwanza kwa badiliko moja, ilhali piti ya mpango uliotangulia haikutani nayo. Kisahani kinachozunguka chahitaji sifa hiyo. Twafikiria kuuita msimbo wa Gray wa kuzunguka, ingawa twasita kidogo, maana "mzunguko" umekwisha kushikwa na mafundi wa umeme kwa njia ya mkondo, na fundi wa kisahani na fundi wa umeme aghalabu ni mtu mmoja.