Betri za Kujiundia: Zitoke Vyumbani, Ziende Karakanani

Wananchi wa visiwani si wageni wa ndege zisizo na rubani, hizo ambazo siku hizi watu huziita ndege nyuki. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kusaidiwa na Benki ya Dunia, ilianza kuipiga picha ardhi ya Unguja na Pemba kutoka angani, na miongoni mwa waliozirusha ndege hizo walikuwamo vijana wetu wenyewe wa chuo. Mwaka 2018 ndugu zetu wa Ukerewe walishuhudia majaribio ya ndege iliyovuka Ziwa Viktoria kutoka Mwanza ikiwa na dawa tumboni, mwendo wa kilomita 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Mwaka 2019 ndege za namna hiyo zilinyunyiza juu ya mabonde ya mpunga ya Unguja kimiminika cha kuwakosesha pumzi viluwiluwi vya mbu.

Mambo hayo yakitendeka mbele ya macho ya vijana, haitazamiwi kuwa watakaa kitako wakingoja kuajiriwa ndipo washike ndege. Wako wanaoziunda wenyewe kwa kujifurahisha na kujifunza, na kati ya kazi zote za uundaji huo iliyo ngumu, na yenye hatari ya kweli, ni kuunda betri. Mota na mapanga huagizwa kwa posta bila matata. Betri haiagiziki hivyo. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimekataza betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mizigo katika ndege za abiria, na katika ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na umeme usiozidi asilimia 30 ya uwezo wake. Mtu wa bara huisubiri bidhaa yake ije kwa lori. Mtu wa kisiwani huisubiri meli, na meli nayo huihesabu betri hiyo katika kundi la 9 la mizigo ya hatari. Ndiyo maana kijana wa Mwanakwerekwe au wa Wete huishia kununua seli mojamoja na kulifunga fungu lake mwenyewe, usiku, juu ya meza ya chakula.

Jambo hilo lina watu wa namna mbili wanaolizungumzia. Wako watumishi wa Serikali ambao wakisikia moto umewaka katika chumba cha mtu husema: vipigwe marufuku vitu hivi. Na wako vijana ambao wakionywa hucheka, kwa kuwa wao wameunda mafungu matano na hakuna lililowaka. Tunaona kwamba wote wawili hawajaitazama betri yenyewe.

Seli inayotumika zaidi katika kazi hii ni ile ya duara iitwayo 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ni ileile iliyokuwa ikitiwa ndani ya betri za kompyuta za mkononi. Betri ya aina hii iliingia sokoni mara ya kwanza mwaka 1991 kwa mkono wa kampuni ya Sony ya Japani, na wanasayansi watatu walioiwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Kwa kawaida ndege za kuchezea hutumia betri laini za mfuko, ambazo hutoa umeme mwingi kwa ghafla lakini huisha upesi. Seli ya duara huweka umeme mwingi zaidi kwa uzito uleule, ila haipendi kukamuliwa kwa nguvu: nyingi kati ya zile zenye uwezo mkubwa hazitaki kutoa zaidi ya ampea 10 hivi kwa mfululizo. Kwa hiyo haifai kwa mashindano ya mbio. Inamfaa yule anayetaka ndege yake ikae angani muda mrefu, apite juu ya mikoko, atazame fukwe, ahesabu madau. Na hiyo ndiyo kazi ambayo visiwa vinaihitaji.

Tuchukue mfano wa fungu la seli nane. Seli mbili mbili hufungwa sambamba ili kuongeza uwezo, kisha jozi nne hizo hufungwa kwa mfululizo ili kuongeza volti. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida, hufikia 4.2 ikijaa, na ikishushwa chini ya 2.5 huanza kuharibika kwa ndani. Fungu zima basi ni la volti 14.4, na likijaa hufika 16.8. Ikiwa kila seli ina miliampea-saa 3000, fungu litakuwa na wati-saa 86 na uzito usiopungua gramu 370. Hesabu yake ni ndogo, mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya. Ugumu uko katika mkono na katika subira.

Subira kwanza. Seli zinazofungwa pamoja hazina budi ziwe ndugu: aina moja, umri mmoja, uwezo mmoja. Fundi mwenye busara huijaza kila seli, akaikamua, akapima ilichotoa, akaandika kwa kalamu ubavuni mwake, halafu ndipo azipange. Asiyefanya hivyo huweka seli dhaifu kati ya zenye nguvu, na ndege ikiwa juu hiyo dhaifu ndiyo itakayokauka mwanzo. Mrushaji akitazama volti za fungu zima huziona bado ni nzuri, kumbe jozi moja imekwisha kufa na nyingine tatu zinaiburuta. Akishuka salama, akatia umeme kwa chaja isiyoangalia kila jozi kwa waya wake, atakuwa anazijaza zile nzima kupita kiasi. Moto mwingi tunaousikia huzaliwa hapo, katika saa ya kutia umeme, watu wakiwa wamelala.

Kisha mkono. Seli haitaki joto, na chuma cha kuyeyushia risasi kikikaa juu ya ncha yake kwa muda huunguza utando mwembamba wa ndani unaotenga pande zake mbili. Kwa hiyo viwandani hutumia mashine inayobana ukanda wa nikeli juu ya ncha na kuuchomelea kwa nukta, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mashine ndogo za kazi hiyo zinapatikana, na si ghali kwa karakana, ingawa kwa mtu mmoja ni mzigo. Jambo jingine ni kwamba bati lote la seli, kuanzia kitako hadi ukingo wa juu, ni upande wa hasi, na chanya ni kile kifuniko kidogo cha katikati tu. Ukanda ukipita juu ya ukingo ambao gamba lake la plastiki limechubuka, ni shoti. Dawa yake ni kipete cha karatasi ngumu chenye thamani ya senti, kinachovishwa kila kichwa cha seli. Tumeambiwa na mafundi kwamba ndicho kitu ambacho wengi hukiruka, kwa sababu hakiongezi kasi wala mwendo.

Hapa tuwaambie wasomaji wetu neno la pwani. Sokoni uko ukanda unaouzwa kwa jina la nikeli ambao ni chuma kilichopakwa nikeli juu juu. Bara mtu anaweza kudanganyika nao kwa miaka. Kwetu hapa hewa ya chumvi itaufichua kabla ya masika mawili, lakini utakuwa tayari uko ndani ya fungu, unakula kutu na kupata moto kila ndege inaporuka. Ukwaruze kwa msumari, uuweke katika kikombe cha maji ya bahari hadi asubuhi. Ukiona wekundu wa kutu, usiufunge. Vilevile fungu lililoanguka baharini lisirudishwe nyumbani hata likionekana kukauka na kufanya kazi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kati ya ncha na kuacha uchafu ndani, na moto waweza kuzuka baada ya saa nyingi au siku kadhaa. Mwezi Septemba 2022, kimbunga Ian kilipolifurikisha jimbo la Florida kule Marekani, yako magari ya umeme yaliyolowa maji ya bahari na kuwaka baadaye yakiwa yameegeshwa. Kanuni ni ileile kwa seli elfu na kwa seli nane.

Na ikiwaka, maji. Tunalisema kwa kuwa imeenea dhana kwamba moto wa lithiamu hauguswi kwa maji. Betri ya aina hii inapoungua hujilisha joto yenyewe kutoka seli moja hadi jirani yake, na kitu kinachouvunja mwendo huo ni kupoza kwa maji mengi. Mchanga husaidia kuzuia cheche zisiruke, lakini hauupoi moyo wa moto. Moshi wake una sumu. Watu watoke nje kwanza, mambo mengine baadaye. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako nyumba imeegemea nyumba na boriti ni kavu, nasaha hii si ya kuchezewa.

Sasa tuje kwa Serikali. Haitoshi kumwambia kijana aache. Mji wa New York una uwezo na wakaguzi kuliko sisi, na mwaka 2023 peke yake ulipatwa na mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, zaidi za baiskeli za umeme, na watu 18 walifariki. Mamlaka za mji huo hazikuzipiga marufuku betri zote. Zilichokataza ni kuunda na kuuza mafungu yanayotengenezwa kwa seli zilizong'olewa katika betri kuukuu, na zikataka vifaa vinavyouzwa viwe vimepimwa. Sisi tunaiona nusu ya kwanza ya amri hiyo kuwa ya hekima hata huku. Seli iliyotoka katika kompyuta iliyokufa haina historia. Hakuna ajuaye ilishushwa mara ngapi wala ililala miaka mingapi ikiwa tupu. Asiirushe mtu juu ya vichwa vya watu, na wala asiiuze kwa mwenzake kwa jina la mpya.

Nusu ya pili inahitaji kazi. Taasisi ya Viwango Zanzibar haina budi izitazame seli zinazoingia bandarini na kuuzwa madukani. Zimo zilizoandikwa miliampea-saa 9900 ubavuni, hali seli za umbo hili zinazotoka viwanda vinavyoaminika huzungukia kati ya 2500 na 3600. Huo si uchuuzi, ni ulaghai ulioandikwa kwa herufi kubwa. Mizani ndogo ya dukani inatosha kuanza nayo: seli ya kweli ina gramu 45 hadi 50, na nyingi za bandia ni nyepesi kupita kiasi.

Vituo vya mafunzo ya amali na Taasisi ya Karume vina walimu wa umeme na vina meza. Tunashauri kila kimoja kiweke mashine moja ya kuchomelea nikeli, chaja zinazopima jozi kwa jozi, na kona ya kutilia umeme iliyo mbali na vitu vya kuungua, halafu mlango ufunguliwe jioni kwa kijana yeyote anayekuja na seli mpya na risiti yake. Alipe kidogo. Fungu lake lipimwe na mwalimu, liandikwe tarehe na jina lake. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kiwe na desturi ya kufika hapo, kwani ni afadhali askari wake wazijue betri hizi zikiwa baridi. Na seli zilizokufa ziwe na pipa lao hapohapo. Leo nyingi huishia jaani, ambako zikipondwa pamoja na taka nyingine huwasha moto usiojulikana chanzo chake.

Kwa upande wao, vijana wasifikiri kuwa kuwa na betri ni kuwa na ruhusa. Kurusha ndege nyuki nchini kunahitaji kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayosimamia jambo hilo. Wala wasiende uwanja wa ndege na mafungu yao ya kujiundia mkobani kwa hoja kwamba yako chini ya wati-saa 100. Kiwango hicho ni cha betri za aina iliyokwisha kupita majaribio yaliyowekwa na Umoja wa Mataifa, na fungu lililofungwa nyumbani halikuyapita, hata kama kila seli yake iliyapita kiwandani.

Imebaki boti. Hivi sasa anayevuka kutoka Malindi kwenda Pemba na fungu lake huliweka anapoona mwenyewe, mara nyingi chini ya mizigo ya wenzake. Mamlaka ya Usafiri Baharini na wenye vyombo wanaweza kukubaliana mambo machache tu: betri za namna hii zisipande zikiwa zimejaa, ncha zake zifungwe kwa utepe, zisitiwe umeme safarini, na liwepo sanduku la bati juu ya sitaha, mahali pa wazi, karibu na mpira wa maji, ambamo kila mwenye fungu ataliweka na kulichukua bandarini Mkoani.