Alama ni Kama Neno: Haina Maana Bila wa Kuielewa

Siku moja, nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la ishara na maana, kijana mmoja aliinua chaji ya simu yake akaniuliza: "Mwalimu, herufi hizi mbili, C na E, zina maana gani, na ni nani aliyezipa maana hiyo?" Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani kijana yule alikuwa amegusa kiini cha somo.

Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, alitufunza kwamba uhusiano baina ya neno na maana yake ni wa nasibu. Mti hauitwi mti kwa sababu ya mizizi wala majani yake, bali kwa kuwa sisi tusemao Kiswahili tumeafikiana hivyo. Alama ya CE nayo ni vivyo hivyo. Haisemi kwamba bidhaa ni maridadi au kwamba itadumu. Husema tu kuwa mtengenezaji anatangaza kwamba bidhaa yake imetimiza masharti ya usalama, afya na mazingira yaliyowekwa na Umoja wa Ulaya. Bidhaa yenye alama hiyo huuzwa katika nchi zote wanachama bila ya kuidhinishwa upya katika kila nchi.

Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliotunga msamiati huo. Lakini mnamo tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wake waliamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Nchi hiyo ilijitoa rasmi tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikakoma mwishoni mwa mwaka huo. Tarehe 1 Januari 2021 ikazindua alama yake yenyewe, UKCA, itumike Uingereza, Wales na Scotland.

Hebu sasa tumtazame mwenye kiwanda. Tuseme anatengeneza birika za umeme. Bidhaa ya aina hiyo aghalabu huthibitishwa na mtengenezaji mwenyewe: hupima, huandaa nyaraka, hutia sahihi, kisha hubandika alama. Kwake yeye usumbufu ulikuwa nyaraka za pili na alama ya pili. Lakini jirani yake anayetengeneza vifaa vya gesi hawezi kujithibitishia mwenyewe, kwa vile hatari ni kubwa. Sharti apate cheti cha taasisi huru ya ukaguzi. Siku ile ya 1 Januari 2021 taasisi za Uingereza zilipoteza hadhi ya kutoa vyeti vinavyotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Mkaguzi alikuwa yule yule, mitambo ya kupimia ile ile, na kifaa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba neno la mkaguzi huyo halikuwa tena na wasikilizaji ng'ambo ya bahari. Iliwalazimu wenye viwanda wahamishie vyeti vyao kwa taasisi zilizomo ndani ya Umoja, ama waanze upya.

Huenda msomaji akauliza: je, pande hizo mbili hazikutia sahihi mkataba wa biashara mwezi Desemba 2020? Naam, zilitia sahihi. Mkataba huo uliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazotimiza masharti ya asili. Lakini haukukubali kwamba cheti cha upande mmoja kitambuliwe na upande wa pili. Ushuru huonekana na kila mtu, ilhali kizuizi cha cheti hujificha ndani ya makabrasha. Ireland Kaskazini nayo ilibaki kufuata kanuni za Ulaya kuhusu bidhaa, hata ikawa nchi moja ina lahaja mbili za sheria.

Yaliyofuata yanafunza zaidi. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba UKCA iwe ya lazima kuanzia mwaka 2022. Wenye viwanda wakalalamika, tarehe ikasogezwa hadi 2023, kisha hadi mwisho wa 2024. Hatimaye, mwezi Agosti 2023, ilitangazwa kwamba CE itaendelea kukubaliwa bila kikomo kwa aina nyingi za bidhaa, na sheria ya kuthibitisha hayo ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sisemi kwamba waliotaka kujitoa hawakuwa na hoja. Taifa kutaka kujitungia sheria kupitia kwa wabunge wake ni jambo la heshima, na sisi tuliotawaliwa tunalielewa vyema. Lakini mamlaka ya kubuni neno si mamlaka ya kuwalazimisha wengine walielewe. Leo Uingereza inaitambua alama ambayo kanuni zake hutungwa katika kikao ambacho yenyewe haina kiti. Hilo ndilo fumbo la mkasa huu: ilitoka ili iwe na sauti yake, ikapoteza sauti iliyokuwa nayo.

Sisi wa Afrika Mashariki tusiyatazame haya kama sinema ya wageni. Jumuiya yetu ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Tulipoifufua, tulipitisha mwaka 2006 sheria ya pamoja ya viwango, ili bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja mwanachama ikubaliwe na nyingine pasipo kupimwa upya. Hata hivyo, mwezi Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti siku chache baadaye. Afya ya mlaji ni jambo la kulindwa. Lakini kila lori linaposimama mpakani ilhali tuna sheria moja, ni dalili kwamba tumeandika kamusi ya pamoja bila ya kukubaliana kuisoma.

Mwalimu mwenzangu, kesho waambie wanafunzi wako wageuze chaji zao wazitazame. Kisha waulize swali alilouliza yule kijana: ni nani aliyezipa herufi hizi maana, na ni nani awezaye kuiondoa?