Majivu Yasiyotoka Jikoni

Usiku wa tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilikuwa karibu na kisiwa cha Java, Indonesia, ikielekea Perth, Australia, na watu 263 ndani. Rada haikuonyesha wingu lolote. Ghafla cheche zikaanza kucheza kwenye kioo cha mbele, harufu ya kiberiti ikajaa ndani, kisha injini zote nne zikazimika.

Ndege ilikuwa imeingia katika majivu ya volkano ya Mlima Galunggung.

Jina “majivu” linadanganya. Majivu ya jikoni ni mabaki ya kuni. Majivu ya volkano ni mawe na kioo vilivyosagwa na mlipuko hadi vikawa chembe zisizozidi milimita 2, nyingine laini kama unga. Hayayeyuki majini, na kila chembe ina ncha kali.

Ndani ya injini ya jeti joto hupita nyuzi 1,400 za Selsiasi, ilhali kioo hicho huyeyuka kwenye nyuzi 1,100 hivi. Kikiyeyuka, hunata na kuganda kwenye vyuma vya nyuma, kikaziba njia ya hewa. Ndege ile ilishuka bila injini kutoka mita 11,000 hadi mita 4,000 hivi. Ilipotoka kwenye majivu, kioo kilichoganda kilipoa na kubanduka, injini zikawaka tena. Rubani Eric Moody alitua Jakarta bila mtu kupoteza maisha, ingawa kioo cha mbele kilikuwa kimekwaruzwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Rada ya ndege hutambua matone ya mvua, si vumbi kavu. Ndiyo maana leo vituo 9 duniani hufuatilia majivu, hasa kwa setilaiti. Kile cha Toulouse, Ufaransa, kinahudumia sehemu kubwa ya Afrika. Aprili 2010, Mlima Eyjafjallajökull wa Iceland ulipolipuka, safari zipatazo 100,000 zilifutwa Ulaya, na maua ya Kenya yaliyokuwa yakisubiri ndege yakaharibika.

Ardhini, chembe ndogo kabisa huingia hadi ndani ya mapafu. Macho huwasha, kifua hubana, na mwenye pumu huteseka kuliko wote. Yakilowa, majivu huwa mazito mno: Mlima Pinatubo, Ufilipino, ulipolipuka mwaka 1991 huku kimbunga kikileta mvua, watu wengi walikufa kwa kuangukiwa na mapaa. Nasi tuna milima yetu. Ol Doinyo Lengai, Tanzania, ulianza kurusha majivu Septemba 2007, yakaangukia malisho ya Wamasai.

Majivu yakianguka kwenu, ingia ndani na ufunge madirisha. Vaa barakoa inayobana vizuri. Ikikosekana, kitambaa ni afadhali kuliko kukaa wazi. Funika maji ya kunywa. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji kidogo tu ili vumbi lisipae, na paa lisafishwe kabla mvua haijanyesha.