Maji ya Samaki Yakigeuka Kijani, Usiyamwage Yote

Kati yetu kuna wale wanaofuga samaki ndani ya akwariumu, nyumbani ao katika kalasi. Wote wanajua ile taabu. Wiki mbili tatu maji ni safi, unahesabu mawe chini moja moja. Halafu asubuhi moja maji iko na rangi kidogo, kesho yake rangi imezidi, na wiki ikiisha huoni tena samaki hata mmoja. Maji imekuwa sawa vile supu ya sombe. Hapo watu wa nyumba wanasema: mwaga uchafu ule, sugua yote na sabuni, tia zaveli kidogo. Mtoto anatii. Siku ya tatu ao ya ine samaki wanaelea tumbo juu, na watu wanasema wamekufa juu ya ile maji ya kijani.

Hapana. Mara nyingi wamekufa juu ya ile dawa.

Tuangalie kwanza rangi ile inatoka wapi. Si vumbi, wala si uozo. Ni mimea, midogo kabisa, inayoelea ndani ya maji. Kwa Kifaransa wanaiita alge, na Kiswahili cha vitabu kinasema mwani. Mmoja peke yake hauonekani kwa macho: mingi iko na upana wa elfu chache za milimetre. Njo sababu ukichuja maji kwa kitambaa ao kwa pamba, kijani inapita pamoja na maji, na wewe umechoka bure. Ndani yake kuna klorofili, ile ile ya majani ya mhogo, na inaishi sawa vile mhogo unavyoishi: inataka mwangaza na inataka mbolea. Vitu viwili tu. Ukiona kijani, ujue akwariumu yako iko na vyote viwili kwa wingi.

Mwangaza, tunajua: kwetu jua ni saa kumi na mbili kila siku, mwaka muzima, na watu wanapenda kuweka akwariumu mbele ya dirisha ili ipendeze. Lakini mbolea inatoka wapi? Inatoka kwa mkono wako. Unatupa makombo ya mukate, unatupa bukari, unarudia saa sita na jioni kwa sababu samaki wanakuja mbio na inafurahisha kuwaona. Kile wasichokula kinaoza chini. Kile walichokula kinatoka kama mavi na kama amonia, ambayo samaki wanaitoa hasa kwa mashavu yao. Amonia ni sumu kwao wenyewe. Kwa bahati kuna mikrobe zinazokaa juu ya mawe, juu ya mchanga na ndani ya eponji ya filtre. Hizo zinageuza amonia kuwa nitriti, halafu zingine zinageuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haisumbui samaki sana, ila kwa mimea ni mbolea kabisa. (Wale wanaosema mikrobe zote ni adui, wafikiri tena.)

Sasa mnaona ubaya wa sabuni na zaveli. Zile mikrobe nzuri haziko nyingi ndani ya maji yenyewe, ziko juu ya mawe. Ukisugua mawe yote na zaveli, umeziua. Samaki wanaendelea kutoa amonia, na hakuna wa kuigeuza. Tena maji mapya ya robine iko na klore, inaunguza mashavu ya samaki, na baridi yake si ile waliyoizoea. Kwa samaki wa ziwa Tanganyika ni vibaya zaidi, kwa kuwa wanataka maji yenye pH karibu na 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyokuwa kali. Na kisha taabu yote ile, jua bado linaingia dirishani na mukate bado unaanguka: kisha siku kumi kijani imerudi.

Ziwa lenyewe linatufundisha. Watu wa Uvira, Kalemie na Moba wanajua namna maji ya Tanganyika ilivyo safi karibu na mawe, hata jua likiwa kali. Kwa nini haigeuki supu? Ziwa hili lina kina cha metre karibu 1.470. Kile kinachokufa kinazama mbali, na maji ya chini haichanganyiki sana na ya juu, hivi mbolea nyingi inabaki kule gizani. Juu mwangaza ni mwingi, chakula cha mimea ni kidogo. Lakini akwariumu yako ina kina cha sentimetre 30. Hakuna kule chini gizani. Kila kinachoanguka kinabaki katika mwangaza.

Mfugaji wa tilapia katika vidimbwi atatushangaa, kwa maana yeye anatafuta kijani ile. Anaweka majani na samadi katika pembe ya kidimbwi kusudi maji iwe kijani, na tilapia wanaikula. Anaingiza mkono: kama vidole vinapotea maji ikifika karibu na kiwiko, anafurahi. Kwa hiyo kijani yenyewe si sumu, hata inakula sehemu ya amonia. Hatari yake iko usiku. Mchana mimea inatoa oksijeni, lakini gizani inaitumia, pamoja na samaki. Ukiamka mapema ukawakuta wote juu wanafungua kinywa, ujue hewa ilipunguka, na usingoje tena.

Basi tufanye nini? Kwanza punguza chakula: mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili, na bukari ibaki kwenye sahani yako. Pili, ondoa akwariumu mbele ya dirisha. Kama iko na taa, saa nane kwa siku zinatosha.

Kama kijani ni nzito sana, kuna dawa ya giza. Funika akwariumu na blanketi nzito pande zote siku tatu ao ine, bila kufungua kuchungulia, na bila chakula. Samaki wakubwa wenye afya wanavumilia, lakini watoto wa samaki hapana, uwatoe kwanza. Acha pompi ya hewa itembee muda wote, na uache nafasi hewa ipite, kwa maana mimea ikikufa na kuoza inameza oksijeni. Asiye na pompi asijaribu giza. Afuate njia ya polepole.

Kisha giza, badilisha theluthi moja ya maji. Akwariumu ya sentimetre 60 kwa 30 kwa 30 ni litre 54, basi theluthi ni litre 18: bidoni moja haijai. Nyonya maji ya chini kwa tiyo, kule mavi inalala. Maji mapya ya robine uiache siku nzima ndani ya ndoo wazi ili klore itoke. Eponji uioshe ndani ya maji ile uliyotoa, bila sabuni. Wiki ijayo fanya vile tena. Njia ya polepole ni hii hii bila blanketi, inaomba majuma mengi zaidi.

Anayesitasita ajaze chupa mbili kwa maji ya kijani, moja aiweke juani, moja ndani ya kabati, azilinganishe kisha wiki moja.

Na ile kijani inayoshika juu ya mawe, usiisugue yote. Safisha kioo cha mbele tu, ili uone. Samaki wengi wa mawe wa Tanganyika, sawa vile wale wa aina ya Tropheus, wanaikwangua mchana kutwa; ni chakula chao.